Ada ya chama cha wafanyakazi: asilimia au wote sawa?

Asalaam aleikum jamani. Jana kwenye chakula cha stafu hapa hotelini Nungwi tulibishana mpaka wali ukapoa. Supavaiza wetu kashika slipu yake anasema yeye kwa 2% anakatwa 18,000, msafisha vyumba 6,940, na fulana ya Mei Mosi kila mtu kapewa moja. Anataka wote tulipe 10,000 yaishe.

Mie sikubaliani nae. 10,000 kwa mwenye 347,000 ni karibu 3% ya mshahara, kwa yeye mwenye laki tisa ni 1% na kidogo. Halafu ije masika, Aprili na Mei wageni hakuna, watu tunapewa nusu mshahara wengine tunarudishwa nyumbani kabisa, sasa hiyo 10,000 utaikata kwenye nini? Asilimia angalau inashuka na wewe.

Ila na asilimia ina ujanja wake, watu hawauoni. 2022 serikali yetu ya Zanzibar ilipopandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka 300,000 mpaka 347,000, mwenye kukatwa 2% ada yake ilitoka 6,000 ikawa 6,940 bila ya mkutano wala mtu kuulizwa. Yaani chama kinajiongezea chenyewe. Walimu wa bara wamelalamikia hiyo hiyo 2% ya chama chao, CWT, miaka na miaka. Kwangu mie asilimia ibaki lakini iwekewe kikomo cha juu, na mshahara ukipanda basi mkutano mkuu upige kura upya, sio viongozi wakae kimya pesa inaingia tu. Nyie mwasemaje?

— Sheikh mie mwalimu, niko Wete. Asilimia au sawasawa kwangu ni mamoja, mie nauliza tawi linabakiwa na ngapi? Mwenzetu kafiwa na mamake mwezi uliopita, tukapitisha kofia stafurumu, elfu mbili mbili, na huku kila mwezi twakatwa. Mwanzo tuambiwe inakokwenda ndo tubishane kiasi.

— Hapo umesema kweli yakhe, wala sikuifikiria. Mgao wa tawi nasikia umo kwenye katiba ya chama, nyie huko mumewahi kuiona? Sisi kopi ilikuwepo moja tu, alikuwa nayo katibu, na katibu kashapata kazi Paje kaondoka nayo.