Tuliomba ukumbi mtupu, tukapewa spika nne na mpiga kinanda: kwaya ndogo Lubumbashi, nimechoka

Wakuu, naandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa hiyo herufi zikikosewa mnisamehe.

Mimi ni alto katika kwaya moja hapa Lubumbashi. Tuko watu 16, wanne kila sauti: soprano (juu) na alto (chini) ni wanawake, tenori (juu) na basi (chini) ni wanaume. Hatuna sare, hatuna rais wa heshima, hatuna kinanda. Tuna diapazoni moja (kile chuma cha kutolea nota ya kuanzia) na penseli zilizochongwa kwa kisu. Maestro wetu anafundisha hesabu sekondari. Kuna muuguzi, kuna fundi wa magari, kuna wanafunzi wa chuo, na kuna mwimbaji mmoja wa basi, dereva wa pikipiki anayefika mazoezini na kofia yake ngumu mkononi. Kwa miezi mitano tumekuwa tukijifunza programu ya dakika 40, yote sauti tupu, hakuna ala hata moja. Jumapili iliyopita tukaiimba. Yaani, tulijaribu.

Kamati ya ukumbi (sitaitaja, wanajijua) tuliiandikia barua wiki tatu kabla. Mistari mitatu tu: bila mikrofoni, bila kinanda, viti vya mbele visogezwe karibu. Jibu likaja kwa simu: "Iko muzuri mama, hakuna shida." Tunafika saa nane mchana, tunakuta spika nne zenye kimo cha mtu, mikrofoni nne zimesimama kwenye miguu yake, na kijana wa miwani myeusi amekaa nyuma ya kinanda cha umeme anajaribu sauti ya fidla.

Nikamfuata papa (ndivyo tunavyomwita baba hapa) wa kamati. Akanishangaa kweli, si kwa kujifanya.

"Sasa mama, bantu ya nyuma batasikia namna gani?"

Nikamwambia: papa, dari iko juu, ukuta ni tofali tupu, chini ni saruji, hapa sauti inatembea yenyewe. Nikapiga kofi moja katikati ya ukumbi. Kofi likaenda hadi ukuta wa nyuma, likarudi.

"Kofi ni kofi," akasema. "Sauti ya muntu ni ingine." Kisha akatuhesabu kwa kidole. "Na muko kumi na sita tu? Kwaya ya kwetu iko na bantu makumi munane."

Hapo ndipo nilipojua siku imekwisha.

Niwaeleze wale wanaosema mikrofoni haijawahi kuua mtu. Kwaya ya watu 80 ukiiwekea mikrofoni nne, utapata angalau mchanganyiko. Watu 16 ukiwawekea mikrofoni nne umechagua watu wanne, waliobaki 12 wamekuwa mapambo. Soprano aliyesimama karibu na kile chuma ndiye aliyesikika mji mzima, na masikini hakuwa na kosa, aliimba polepole kama tulivyozoea. Sisi alto tukawa kama watu wanaoongea nyuma ya mlango. Miezi mitano maestro anatuambia "sikiliza jirani yako, usimpite jirani yako", halafu anakuja mtu na kitufe anampitisha mmoja wetu kwa niaba yetu sote.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kile kinanda.

Tulifungua na wimbo wa Palestrina, mtunzi Mtaliano wa karne ya 16, ule wa Zaburi ya 42, ya ayala anayetamani mito ya maji. (Siku hiyo nyumbani kwangu bomba lilikuwa kavu tangu Alhamisi, kwa hiyo nilikuwa namwelewa sana huyo ayala.) Wanaoijua wanajua inavyoanza: tenori peke yao, mstari mmoja mrefu, taratibu, kisha alto tunaingia, kisha soprano, basi mwishoni. Uzuri wake wote uko pale mwanzoni, kwenye zile sekunde ambapo sauti moja iko uchi na wengine wanangoja. Nusu ya kwaya yetu hawasomi nota za mistari, wanasoma solfa, yaani do-re-mi kwa herufi. Maestro aliiandika yote upya kwa mkono, d na r na m na vile vinukta viwili vyake, kurasa sita, tukatoa fotokopi kwa mchango. Kwenye karatasi yangu, kabla ya alto kuingia, nimeandika kwa penseli: SUBIRI. Nimeipigia mstari mara mbili.

Tenori wakaanza. Wanne, vizuri kabisa. Na kabla sijafungua mdomo, fidla za umeme zikajaa ukumbi mzima chini yao. Kijana aliona kimya akadhani ni shimo, akalijaza. Alitaka kutusaidia! Akaendelea kutusaidia wimbo wote, akibahatisha akodi (nota kadhaa kwa pamoja), mkono wa kushoto ukipiga besi mbele ya basi wetu.

Nitakiri na la kwetu, maana kuna wajuaji humu watalisema: wimbo wa pili tulishuka. Kwaya isiyo na ala hushuka ikichoka, sisi tulishuka kama robo toni hivi. Bila kinanda asingejua mtu zaidi ya maestro na diapazoni yake. Kinanda hakishuki. Kijana alipoingia kwenye ubeti wa mwisho, sisi huku yeye kule, kulikuwa na sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Watu wa mbele walikunja uso na wakatutazama sisi, si yeye.

Hata tusingeshuka, bado isingekaa sawa. Kinanda kimegawanya oktava (kutoka do hadi do inayofuata) vipande 12 vilivyo sawa ili kipige ufunguo wowote. Koo la mtu halina mkataba huo. Tatu kubwa (do na mi kwa pamoja) tukiimba na ikatulia, ile ambayo unaisikia inaacha kutetemeka, iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu senti 14; senti ni kipimo cha sauti, na nusu toni nzima ni senti 100. Ni kidogo, ndiyo. Ndicho hicho kidogo tulichokuwa tunakitafuta kila Jumamosi kwa miezi mitano.

Baadaye nje papa wa kamati akanipa soda, akaniambia kwa upole: "Mama, hizi ni mambo ya bazungu. Bantu banapenda kucheza."

Sikumjibu, nilikuwa na njaa. Namjibu hapa. Mwaka 1958 watoto wa shule ya Kamina, hapa hapa Katanga, pamoja na walimu wao na Padri Guido Haazen, walizunguka Ulaya wakiimba misa kwa Kilatini na ngoma zetu, na dunia inaijua hadi leo kwa jina la Missa Luba. Joseph Kiwele, aliyekuwa waziri wa elimu wa Katanga mwaka 1960, alikuwa mtunzi wa muziki na mwalimu wa muziki. Kinshasa Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, wana orkestra yao tangu 1994, na kwaya pia. Sasa ni nani mgeni hapa, sisi au zile spika?

Na mnaosema "tafuteni ukumbi wenu": upi? Mji huu ulijengewa ukumbi mzuri wa tamthilia miaka ya 1950. Leo ndiyo Jengo la 30 Juni, wanakaa wabunge wa jimbo. Wao mikrofoni wanazihitaji, siwalaumu.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza kwa nini hatuimbi harusi tupate pesa ya kukodi mahali. Tumeimba. Kampuni moja ya mgodi ilituita kwenye chakula cha jioni, ikataka "kitu laini". Tuliimba madrigali (wimbo wa kale wa Ulaya, bila ala) ya sauti tano kati ya meza ya kuku na meza ya samaki, na mtu akamwomba maestro asogee kidogo afikie pilipili. Tenori wetu wawili sasa wanachukuliwa na makundi ya vilio (matanga) kila wikendi, kule wanalipwa siku hiyo hiyo. Siwezi kuwakataza, wana watoto.

NYONGEZA 2: Hapana, sitaweka video. Aliyerekodi alisimama karibu na spika.

NYONGEZA 3: Aliyeandika "punguzeni majivuno", asante. Sasa nisaidie: natafuta chumba Kamalondo au Kenya (mitaa ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), ukuta wa tofali, dari ya juu, saa mbili tu za Jumamosi jioni, tunaleta viti wenyewe na kufagia tunafagia. Nitumie ujumbe. Wenye sono (spika na mikrofoni) wasijisumbue.