Leicester: tusome "Lesta", "Leisesta" au vipi?

MsomaHabari
Wakuu, naombeni ushauri. Nasoma habari za michezo kwenye redio moja ya huku mkoani. Juzi jina la Leicester, ile timu ya mpira ya Uingereza, nimelisoma "Lesta", mhariri akanifuata hadi mlangoni: watu wamezoea "Leisesta", wakisikia Lesta watadhani ni timu nyingine. Naona njia tatu: kusoma lilivyoandikwa, kufuata wenyeji, au kulipa sauti za Kiswahili. Nyie mnafuata ipi? Inaniuma kutamka jina ninalojua silo.

Mkazi_wa_hukohuko
Naishi Leicester mwaka wa nane. Leisesta sijaisikia kwa mtu. Hata wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, wale wakikusikia unaongea na simu kituoni wanakuuliza "habari gani, ndugu?", wanasema Lesta.

TichaKiingereza
Kusoma lilivyoandikwa kutakuangusha. Worcester ni Wusta, Gloucester ni Glosta. Unadhani umeshika kanuni, unakutana na Cirencester, na hiyo wengi wanaisoma nzima: Sairensesta! Norwich w inamezwa, Ipswich inabaki. Caxton alipeleka mtambo wa kuchapa Uingereza mwaka 1476. Tahajia ikaanza kuganda huku midomo ikiendelea kukata maneno. Sisi tunasoma kila herufi, ndiyo maana inatuudhi.

Baharia77
Wenyeji wapi sasa? Houston ya Texas ni Hyuston, ila mtaa wa Houston pale New York ni Hauston. Birmingham ya Uingereza h haisikiki, ya Alabama inasikika. Arkansas walibishana mpaka bunge la jimbo likapitisha azimio mwaka 1881 kwamba s ya mwisho isitamkwe. Mimi ni njia ya tatu. Shati na baiskeli tulizitengeneza kwa ulimi wetu, nani analalamika?

BintiWaNakuru
Baharia, shati ni kitu, mji una wenyewe. Marehemu babu yangu alichukia sana walowezi walivyoita nchi yetu "Kiinya". Kila akisimulia enzi hizo alilirudia jina polepole, "Ke-nya", kama anamfundisha mtoto. Kama ile ilituuma, na sisi tuwape Lesta yao. Na hizo Houston mbili, kila moja ina wenyeji wake, waulizwe.

TichaKiingereza
Halafu angalieni: Lesta haina sauti hata moja ambayo Kiswahili hakina. Njia ya pili na ya tatu hapo ni ileile. Birmingham ndiyo ngumu, ile irabu ya mwanzo hatuna. "Bamingam" inatosha kabisa.

MsomaHabari
Asanteni sana. Nimeongea na mhariri, amekubali tujaribu wiki hii. Jina likitajwa mara ya kwanza nitaongeza "mabingwa wa England wa 2016", wasikilizaji wajue ni walewale. Karatasi ya kesho ninayo hapa: juu ya Leicester nimeandika kwa penseli Lesta, juu ya Tottenham, Totnam.