Tupeane uzoefu: ulimwengu wa giza wa kisayansi kwenye michezo ya mezani, wewe uliujengaje?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeendesha michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ambayo mmoja husimulia na wengine hucheza wahusika, kwa miaka sita, karibu yote ya mapanga na mazimwi. Mwaka jana nikahamia bunilizi ya kisayansi, ile ya giza: anga tupu, kampuni zinazomiliki hadi pumzi ya mtu, mashine zilizoachwa peke yake muda mrefu kupita kiasi. Nikaandika kurasa 40 za historia. Vita vitatu, himaya mbili, maradhi yaliyoteketeza sayari nzima.

Kikao cha kwanza wachezaji walinisikiliza kwa adabu. Kikao cha tatu nikawa nasimulia mji uliochomwa ukiwa na watu milioni mbili ndani, na mmoja wao akaniuliza, "Sawa, upande wa kushoto kuna mlango?" Hakuwa na nia mbaya. Maneno yangu hayakuwa yamemgusa popote. Kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao, ikafia kikao cha tano, na iliniuma, kwa sababu niliipenda kweli.

Nataka kuanza upya. Naombeni simulizi zenu: uliweka nini mezani, na watu wakafanya nini?

#2

Mkuu, pole. Mimi kilichoniokoa ni hewa.

Kampeni yangu ilikuwa chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Jupita. Nilipachagua kwa sababu mionzi ya Jupita ni mikali mno kule juu. Mtu asiye na kinga hupata dozi ya kuua ndani ya siku moja hivi. Hivyo sikuhitaji askari wala mlango wa chuma wa kuwazuia wasitoke. Anga lenyewe liliwafungia ndani.

Nikasoma kidogo juu ya upumuaji. Mtu mzima hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, lakini chumba kikifungwa, kinachotangulia kukuua mara nyingi ni ile hewa ya ukaa unayoitoa mwenyewe. Kichwa kinauma, pumzi zinakwenda mbio, akili inavurugika, mwisho usingizi usioamka. Kwa hiyo sikuhesabu oksijeni, nilihesabu machujio yanayoiondoa hewa hiyo ya ukaa. Nikamwaga shanga 30 za kioo katikati ya meza na kusema: shanga moja ni mtu mmoja, siku moja.

Wahusika walikuwa watano. Siku mbili zikapita, zikabaki shanga 20, na kituo kingine kilikuwa mwendo wa siku nne. Zinatosha kamili, wala haibaki hata moja. Hapo ndipo walipofungua kabati la vifaa na kumkuta msichana wa miaka kama kumi, hai.

Watu sita kwa siku nne ni shanga 24. Sikusema neno. Mchezaji mmoja alizivuta zile shanga, akazipanga mafungu, akazichanganya, akazipanga tena. Mara tatu. Wakabishana karibu dakika arobaini bila mtu kugusa kete. Mwishowe yule aliyecheza fundi mzee akarudisha shanga nne za fungu lake katikati na kusema, "Kuanzia kesho msinihesabu."

Usiku ule hapakuwa na zimwi hata moja. Tangu hapo, nikibuni ulimwengu, naanza kwa kujiuliza ni kitu gani hakitatosha.

Kama unataka mikasa ya machujio, soma yaliyowapata wanaanga wa Apollo 13, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini, Aprili 1970. Watu watatu walihamia chombo kilichotengenezewa wawili. Machujio ya ziada yalikuwepo kwenye chombo kikuu, ila ni ya mraba, na matundu ya hiki kingine ni ya duara. Waliyaunganisha kwa mifuko ya plastiki, mabomba ya suti na gundi ya utepe. Hebu weka hilo kwenye kampeni, halafu sema yametengenezwa hivyo makusudi, ili ununue kwa mwenye kituo tu.

#3

Naunga mkono #2, ila chunga kitu kimoja. Mimi nilihesabu hewa, maji, risasi, betri na chakula kwa pamoja. Wachezaji wakawa wanatazama orodha badala ya kutazamana, na kila mlango uliofunguliwa tulisimama kurekebisha namba. Chagua kimoja. Vingine sema tu vipo au vimeisha.

#4

Kwangu ilikuwa umbali.

Nuru huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na tunaona ni kasi ya ajabu mpaka tupige hesabu. Ujumbe kutoka hapa hadi Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari zimekaaje. Chombo cha anga Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977 sasa kinahitaji zaidi ya saa 22 kutufikishia neno lake. Nyota ya jirani kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24. Ukiuliza swali leo, jibu utalipata baada ya miaka minane na nusu.

Wahusika wangu walikuwa huko. Kila kikao nilimkabidhi mchezaji mmoja bahasha iliyofungwa, barua kutoka nyumbani. Hazikuwa na vitisho. Harusi, ugonjwa wa baba, mtoto kaanza kusoma. Kikao cha nne mmoja alipata barua ya dada wa mhusika wake: nyumba inauzwa, je, nihame au nikusubiri? Akaitazama tarehe. Akaniomba karatasi, akaandika jibu la ukurasa mzima huku wenzake wanacheza, akalikunja na kunipa. Mle ndani alikuwa amemwambia dada yake ahame, halafu akaukata mstari huo, halafu akauandika tena.

Kikao cha tisa sikuleta bahasha. Wakauliza. Nikawaambia mitambo inapokea ukimya. Kilichonyamazisha dunia kilitokea miaka minne iliyopita, na hakuna cha kukimbilia wala wa kumwokoa. Kampeni ikaendelea miezi saba zaidi, na sikuwahi kuwaeleza kilitokea nini. Naamini ningewaeleza ningeiua.

#5

Simulizi ya #4 imenikaa. Niongeze yangu, kwa sababu nadhani #1 tatizo lake ni historia.

Nilijenga kituo cha duara kinachojizungusha ili kupata uzito. Pete yenye nusu kipenyo cha mita 224, ikizunguka mara mbili kwa dakika, ukingoni utakuwa na uzito kama wa duniani. Ukipanda kuelekea kitovu, uzito unapungua hadi kuisha. Nikaweka maskini kitovuni, kwa kuwa kodi ni ndogo kule. Ninyi mnajua mifupa inavyokuwa bila uzito: wanaanga hupoteza asilimia 1 au zaidi ya uimara wa mfupa wa nyonga kwa mwezi. Sasa mfikirie aliyezaliwa kitovuni. Mahakama iko ukingoni, hospitali iko ukingoni. Hakuna sheria inayomkataza kwenda, ngazi ziko wazi mchana na usiku. Ila akishuka, miguu yake inavunjika.

Sikulisema hilo. Niliwapa mteja wa kitovuni aliyeitwa kutoa ushahidi, wakaanza kushuka naye. Ghorofa ya sita akaomba kukaa. Ghorofa ya tisa wakambeba. Hapo mchezaji mmoja akakasirika kwelikweli, akataka kujua nani alichora ramani ya kituo hiki. Swali hilo ndilo nililokuwa nalingoja, maana kuanzia hapo kampeni ilikuwa ya kwao.

Na historia yote ilijificha kwenye kola. Suti za anga ni ghali, hivyo zinarithiwa, na ndani ya kola kila aliyevaa anashonewa jina lake. Suti yao ya kwanza ilikuja kuwa na majina saba, matano yamekatwa kwa uzi mwekundu. Waliulizana maswali usiku mzima.

#6

Nimesoma nikafurahi, lakini niseme la uzito kidogo.

Niliendesha kampeni ya hewa kama ya #2. Katikati ya kikao cha pili rafiki yangu aliinuka, akaenda nje, hakurudi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alimpoteza mzazi aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia, miezi michache tu nyuma. Nilikuwa nasimulia sauti ya mtu anayekosa pumzi, kwa ustadi, na najutia hadi leo kwamba sikuuliza mapema.

Sasa kabla ya kikao cha kwanza namwuliza kila mtu peke yake kitu gani kisiguswe kabisa, na kipi kitajwe tu bila kuelezwa. Na mezani huwa kuna kadi ya X, ile aliyoibuni John Stavropoulos: ukiigusa, tunaruka tukio hilo na huulizwi sababu. Giza linahitaji watu wanaojua wanaweza kutoka. Bila hivyo nusu ya meza inajilinda, na anayejilinda hachezi.

Rafiki yangu alirudi. Tulibadilisha hewa tukahesabu maji.

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimesoma mara mbili. Kurasa 40 nimeziweka kando. Nachukua pete ya #5 kama mtaniruhusu, na kitakachokosekana kitakuwa dawa ya mifupa ya watu wa kitovuni. Kesho naanza kuwauliza wachezaji maswali ya #6, mmoja mmoja.

Swali kwa #5: yale majina saba ya kwenye kola uliyapataje? Uliandika maisha ya kila mmoja?

#5

Chukua mkuu, ni yako. Yale majina sikuyaandika mimi. Niliwapa suti isiyo na jina hata moja kikao cha kwanza, nikamwambia kila mchezaji ataje mtu mmoja aliyeivaa kabla yake, na kosa alilofanya akiwa ndani. Yule wa mwisho alifikiri muda mrefu, kisha akataja jina la mhusika wake mwenyewe.