Sungura, Fisi na sufuria ya gumbo: naomba maelezo kuhusu Wakajuni wa Louisiana

Mwalimu wa Kigezi (Kabale)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kabale, na mwezi ujao chama chetu cha Kiswahili kitakuwa na jioni ya ngano na mapishi, ambapo kila kundi la wanafunzi litapika chakula cha jamii moja ya mbali na kusimulia hadithi zake. Kundi moja limechagua Wakajuni wa Louisiana, kusini mwa Marekani, na chanzo chake ni kamba wa Ziwa Bunyonyi. Mwanafunzi ambaye wazazi wake huwauzia wenye hoteli kamba hao aliambiwa kwamba asili yao ni vinamasi vya Louisiana, na kwamba Wakajuni huwachemsha kwa wingi pamoja na viazi, mahindi na pilipili, kisha huwamwaga juu ya meza iliyotandikwa magazeti, watu wakazunguka meza wakimenya na kuzungumza. Nilichunguza nikaona habari hiyo ni ya kweli, na tangu siku hiyo watoto hawataki kusikia jamii nyingine yoyote.

Nina maswali mawili. La kwanza ni juu ya gumbo, chakula ambacho kila anayewataja Wakajuni hukitaja: ni kitu gani hasa, na je, kinaweza kupikwa kwa vitu vinavyopatikana katika masoko yetu? La pili limenishughulisha zaidi. Katika ngano zao yumo Lapin, yaani sungura, mjanja asiyeshikika, na yumo mwenzake Bouki, mlafi anayedanganywa kila siku na asijifunze. Niliposoma mfano mmoja darasani wanafunzi walipiga kelele kwamba huyo ni Sungura na Fisi wetu. Wakajuni wanajulikana kuwa wazawa wa Wafaransa, na Ufaransa hakuna fisi. Basi hadithi hizi walizipata wapi?

Binti Bombo

Mwalimu, shikamoo. Nitajibu la sufuria, na la ngano nitawaachia wanaolijua.

Gumbo ni mchuzi mzito unaomiminwa juu ya wali. Nilifundishwa kuupika na mpishi mwenzangu tulipokuwa tukifanya kazi katika jiko la hoteli mjini Kampala, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba gumbo huanza na subira. Unatia mafuta na unga wa ngano, vipimo sawa, katika sufuria nene juu ya moto mdogo, kisha unakoroga kwa mwiko wa mti bila kuondoka, dakika arobaini au zaidi. Wao huuita mchanganyiko huo roux, nao hutamka "ru". Mwanzoni huwa mweupe kama uji wa mgonjwa. Baadaye hugeuka rangi ya karanga zilizokaangwa, kisha rangi ya shaba, na mwisho rangi ya kahawa iliyokolea. Harufu nayo hubadilika, kutoka ile ya unga mbichi hadi ile ya bisi zinazopasuka. Ukigeuka kutazama simu kwa nusu dakika tu, utaona vidoti vyeusi vinaelea, na hapo umekwisha kuunguza. Mara yangu ya kwanza nilijaribu kuuokoa kwa kuongeza supu, na sufuria nzima, pamoja na kuku wawili waliokuwa ndani yake, ikawa chungu hata haikulika. Ukiona vidoti, mwaga uanze upya.

Roux ikifikia rangi unayoitaka, unatia vitunguu, seleri na pilipili hoho zilizokatwakatwa. Wakajuni ni Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na viungo hivyo vitatu wanaviita utatu mtakatifu. Kisha unaongeza supu kidogo kidogo, na nyama. Wao hupenda soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ambayo huiita andouille. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo hutumia kuku wa kienyeji na nyama ya ng'ombe iliyotiwa moshi, na sijawahi kuona mtu akisukuma sahani.

Cha kuongeza uzito ni bamia, au unga wa majani ya mti unaoitwa sassafras, ambao wenyeji wa asili wa nchi ile, Wachoctaw, waliutumia kabla ya wageni kufika. Unga huo wanauita filé, na hutiwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwa sababu ukichemka huvutika kama nyuzi. Nilipouona mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu. Sisi Wanubi tunapenda mchuzi unaoteleza, na mama huanika bamia juani juu ya ungo, kisha huzitwanga, akahifadhi unga wake kwenye kopo la majani ya chai kwa ajili ya miezi ambayo bamia mbichi hazipatikani. Mwalimu, ukikosa filé, na utaikosa, tumia unga wa bamia.

Jina gumbo lenyewe ni bamia. Limetokana na kingombo, neno la lugha za Kibantu za upande wa Angola, nawe mwalimu wa Kiswahili hutahitaji kuelezwa ile ki- ya mwanzo.

Mzee wa Ngano (Mbale)

Mwalimu, wanafunzi wako wamesikia sawasawa, na ninaomba uwaambie hivyo mbele ya wenzao.

Babu zao Wakajuni walikuwa wakulima wa Kifaransa waliohamia Akadia, sehemu ambayo leo ni Nova Scotia nchini Kanada, katika karne ya 17. Waingereza walipoitawala nchi hiyo waliwataka waape utii usio na masharti, nao wakakataa. Ndipo mwaka 1755 walipoanza kukamatwa, kupakiwa melini na kutawanywa, wengine wakitenganishwa na jamaa zao, na maelfu wakifa kwa maradhi na njaa. Kuanzia miaka ya 1764 na 1765 baadhi yao walifika Louisiana, iliyokuwa imepita mikononi mwa Hispania, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine wapatao 1,600 kutoka Ufaransa. Jina Cajun ni Acadien lililomong'onyoka midomoni mwa watu.

Lakini Louisiana walikuwapo Waafrika kabla ya Wakajuni kufika. Wengi wao walikuwa wametekwa na kuuzwa utumwani kutoka Senegambia, na katika Kiwolof, lugha ya huko, bouki maana yake ni fisi. Waafrika wale hawakuruhusiwa kubeba chochote, na fisi wao alivuka bahari ndani ya vinywa vyao. Watoto wao, Wakrioli weusi, waliendelea kumsimulia kwa Kifaransa na kwa Kikrioli, lugha yao iliyotokana na Kifaransa, na Wakajuni walioishi na kufanya kazi jirani nao wakasikia, wakapenda, wakasimulia. Kwa kuwa nchi ile haina fisi, wasimulizi wa baadaye walisahau Bouki ni mnyama gani. Wengine wakamfanya mbwamwitu, na wengine wakabaki na jina tu, jina la mpumbavu mwenye njaa. Kwa hiyo, wanafunzi wako wakisema hizi ni ngano za Wakajuni, wawe wamesema nusu ya habari. Waseme ni ngano za Waafrika wa Louisiana ambazo Wakajuni nao walizifanya zao.

Nakutolea mfano mmoja. Kiangazi kimekuwa kikali, na Bouki anapendekeza wachimbe kisima. Lapin anakataa, akidai kwamba umande wa majani unamtosha; usiku anakwenda kuiba maji. Bouki anatengeneza sanamu ya mtu kwa lami na kuisimamisha kisimani. Lapin anaisalimu, haijibu. Anaipiga kofi, mkono unanasa. Wa pili unanasa. Anapiga teke, mguu unanasa. Anapokamatwa anaomba wamfanye lolote ila wasimtupe katika miiba, nao wanamtupa miibani, mahali alikozaliwa. Mimi nilipokuwa mtoto nilisikia ngano hiyo ya kisima na Sungura aliyekataa kuchimba, isipokuwa kwetu aliyemnasa alikuwa Kobe aliyejipaka ulimbo mgongoni akajilaza chini ya maji. Baganda nao wana Wakayima wao, sungura mwenye tabia zilezile. Sisemi kwamba ngano zilitoka Uganda zikaenda Louisiana, maana waliozipeleka walikuwa watu wa magharibi na wa Angola. Ninasema kwamba ukoo wake ni mmoja.

Hata kuanza kwake kutawafurahisha wanafunzi. Msimulizi wa Louisiana aliita, "Bonne foi, bonne foi!", yaani nia njema, na wasikilizaji wakaitika, "Lapin, lapin!" Weka wito huo kando ya "Paukwa!" na "Pakawa!", kisha uwaache watoto waitikiane.

Mahali pa kusimulia palikuwa ni veillée, jioni ya kutembeleana baada ya kazi, majirani wakikaa barazani au jikoni. Hapo zilisimuliwa pia habari za rougarou, mtu anayegeuka mbwamwitu usiku, ambazo zilitumika kuwazuia watoto wasitangetange gizani. Vilevile zilikuwako siku za boucherie, kabla ya majokofu, ambapo familia zilichinja nguruwe kwa zamu na kugawana nyama, kila mmoja akiondoka na fungu lake kabla halijaharibika.

Mkazi wa Walukuba (Jinja)

Ningependa kuongeza jambo ambalo wazee waliotangulia hawakuligusa. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia katika shule za umma, na watoto wa Kikajuni waliozungumza Kifaransa uwanjani waliadhibiwa, wengi wakiandikishwa mstari uleule mara nyingi kwamba hawatazungumza Kifaransa shuleni. Watoto hao walipokuwa wazazi waliamua kuwaepusha wana wao na aibu ile, wakazungumza nao Kiingereza. Gumbo iliendelea kupikwa kila nyumba, na Bouki akabaki na mabibi ambao wajukuu wao hawakuwaelewa. Mwaka 1968 jimbo liliunda baraza la kuendeleza Kifaransa, na leo ziko shule zinazofundisha kwa lugha hiyo, lakini vizazi viwili vilikuwa vimekwisha kupita.

Nimelisoma jambo hilo kwa uchungu, kwa sababu katika shule yangu ya msingi nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kisoga, nikakaa nacho mpaka nikamsikia mwenzangu akikosea, nikamvisha. Mwalimu, kabla ya wanafunzi kusimulia kwa Kiswahili, watume kwanza nyumbani wakaisikie ngano ya Sungura kwa Kikiga kutoka kwa bibi zao. Tofauti watakazozikuta ndizo zitakazowapa la kusema.

Mwalimu wa Kigezi (Kabale)

Nawashukuru sana. Nimebadilisha mpango leo asubuhi: ngano hazitasimuliwa jukwaani baada ya chakula, bali kando ya sufuria wakati roux inakorogwa, mwanafunzi mmoja akiwa na mwiko na mwingine akiwa na hadithi, wakipokezana. Bibi wa mmoja wao amekubali kuja, naye ataanza kwa Kikiga. Bamia nitaagiza kutoka Mbarara, na kamba watatoka Bunyonyi. Binti Bombo, naomba unisaidie kipimo: tutakuwa watu sitini.

Binti Bombo

Mwalimu, kikombe kimoja cha unga na kimoja cha mafuta hutosha watu kumi, basi pima vikombe sita kwa sita. Usivipike katika sufuria moja, kwa sababu chini kutaungua kabla juu hakujageuka rangi. Tumia sufuria tatu na meko matatu. Kamba watie mwishoni kabisa, dakika tano kabla ya kuepua, la sivyo watakuwa wagumu kama mpira.