Jina Semei: je, ni la yule aliyemtupia Daudi mawe?

Mama Kijacho, Mbale:
Shikamooni wakubwa. Nimejifungua mtoto wa kiume, na baba mkwe ameshakata shauri: ataitwa Semei, jina la marehemu kaka yake. Mume wangu anachekelea tu. Juzi mama mmoja wa kanisani alikuja kumwona mtoto akasema, "Hilo si la yule aliyemlaani mfalme?" Nimefungua 2 Samweli 16, kweli Shimei yumo, anatupa mawe na mavumbi. Baba mkwe siwezi kumkatalia bila sababu. Nisaidieni.

Fundi Saa:
Hongera dada! Huyo mama hakufika sura ya 19. Shimei anateremka Yordani na Wabenyamini elfu moja, anaomba radhi, Daudi anamwapia kwamba hatakufa. Kilichomponza baadaye ni watumwa. Sulemani alimkataza kutoka Yerusalemu. Akatulia miaka 3, kisha watumwa wake wawili wakatorokea Gathi, naye akatandika punda akawafuata. Aliporudi, Benaya akammaliza kwa amri ya Sulemani. Jina halikuwa na kesi.

Boda Wa Namakwekwe:
Mwite Simoni yaishe.

Mzee wa Nabugoye:
Simoni unamkimbilia wapi, kijana? Simoni, Simeoni na Shimei ni ndugu. Yote yanatokana na neno la Kiebrania *shama*, kusikia. Hata Ishmaeli yumo humo.

Mwanangu, akina Shimei ni wengi. Yupo mjukuu wa Lawi, Kutoka 6:17. Yupo mmoja wa maakida 12 wa Sulemani. Mordekai wa Esta naye anatajwa katika ukoo wa Shimei. Umbo la Semei limepitia Kigiriki, ambacho hakina sauti ya "sh".

Na hapa Mbale, nani asiyemjua Semei Kakungulu? Jenerali wa Buganda, Mprotestanti, akafarakana na Waingereza, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Ndiko tulikotoka sisi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Alifariki 1928. Huku kwetu ukisema Semei, hakuna anayefikiria mawe. Muulize mkweo, huenda kaka yake aliitwa kwa ajili ya huyo.

Mama Kijacho:
Nimemuuliza. Amecheka, kisha akaanza hadithi ya Kakungulu mpaka chai ikapoa. Asanteni. Fomu ya NIRA, ya kumsajili mtoto, niandike S au Sh?

Mzee wa Nabugoye:
S. Ukiweka Sh, mkweo atadhani umembadilishia mtu.