Je, ni busara kuchangia ufufuaji wa gemu za kale za mafumbo? Ninaomba uzoefu wenu

Mwalimu wa Chumbageni

Assalaam aleykum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote. Ninaandika kutoka Chumbageni, Tanga, kwa niaba ya watu watano tuliokulia mtaa mmoja na ambao mpaka leo, tukiwa na watoto wakubwa, hukutana kila mwisho wa mwezi kucheza gemu za kompyuta za masimulizi na mafumbo. Ninakusudia zile ambazo hupigani wala hukimbizwi, bali unamtembeza mhusika chumba hadi chumba, unaokota vitu, unazungumza na watu, na unaumiza kichwa mpaka ujue ufunguo upi ni wa mlango upi.

Mapenzi haya yalianzia kwenye kompyuta moja ya mtumba ambayo mjomba wangu, aliyekuwa karani bandarini, aliinunua tulipokuwa sekondari. Ndani yake tulikuta Day of the Tentacle, gemu iliyotoka mwaka 1993, na chini ya picha palikuwa na vitenzi tisa vya Kiingereza: toa, okota, tumia, fungua, tazama, sukuma, funga, zungumza, vuta. Vitenzi hivyo tisa vilinifundisha Kiingereza kuliko kitabu chochote nilichopewa shuleni. Tulikaa wiki tatu tukitafuta siki, hadi binti mmoja miongoni mwetu alipong'amua kwamba divai ikihifadhiwa na mhusika aliye katika zama za kale, mwenzake aliye katika zama zijazo ataikuta imekwisha kuchacha kwa miaka 400 na kuwa siki. Tulipiga makelele usiku ule hata jirani akaja kuuliza kumetokea nini.

Sasa tumeona kwamba watengenezaji wa gemu nyingine ya enzi zile wanachangisha fedha kwa umma mtandaoni ili waifufue. Anayetaka kupata nakala itakapokamilika anatakiwa kutoa dola 30, nasi ni watu wa mishahara na biashara ndogo, kwa hiyo kiasi hicho mara tano si jambo la kuamua kwa pupa. Kabla sijazipokea fedha za wenzangu, maana lawama zitanirudia mimi, naomba mnieleze: kampeni za namna hii zilizotangulia ziliishia wapi, na anayetoa fedha zake huhesabiwa kuwa ni mnunuzi, mfadhili, au mbia?

Mzee wa Raskazone

Waaleykum salaam mwalimu wangu. Nimefurahi kusoma habari ya ile siki, kwani nami ilinisumbua.

Nianze na chanzo cha jambo lenyewe. Gemu za mafumbo zilikuwa na soko kubwa tangu kampuni ya Sierra ilipotoa King's Quest mwaka 1984 hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha wachapishaji, yaani kampuni zinazogharimia na kuuza gemu, wakahamia kwenye gemu za mapigano za picha za pande tatu. Grim Fandango ilipotoka mwaka 1998 wahakiki waliisifu sana, lakini mauzo yake hayakuwafurahisha wenye fedha, na tangu hapo ikawa vigumu kwa mtengenezaji kuingia katika ofisi ya mchapishaji na kuomba mtaji wa kazi ya aina hiyo. Wapenzi wake hawakuisha. Waliokosekana ni watu wa kutoa mtaji.

Hali ilibadilika Februari 2012. Tim Schafer, ambaye ni mmoja wa walioongoza utengenezaji wa hiyo Day of the Tentacle yenu, aliomba dola 400,000 kupitia tovuti ya Kickstarter, ambapo sehemu ya fedha hizo ingetumika kurekodi filamu ya kuonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Watu zaidi ya 87,000 walimpa zaidi ya dola milioni 3.3. Mlango ukawa umefunguka, na katika mwaka huohuo wakapita wengi: Revolution ya Uingereza na Broken Sword, Jane Jensen aliyetunga Gabriel Knight, waliotengeneza Tex Murphy, watungaji wawili wa Space Quest, na mume na mke Corey na Lori Cole wa Quest for Glory.

Sasa nijibu swali lako la kampeni hizo ziliishia wapi. Gemu ya Schafer, iliyopewa jina Broken Age, ilikuwa imetarajiwa Oktoba 2012. Nusu ya kwanza ilitoka Januari 2014 na nusu ya pili Aprili 2015, na mauzo ya nusu ya kwanza ndiyo yaliyosaidia kuigharimia ya pili. Kuna watu waliokasirika sana, wakiuliza inakuwaje mtu aombe dola laki nne, apewe mara nane yake, kisha aseme hazitoshi. Mimi niliifuatilia ile filamu yote, na ninaamini sababu ilikuwa wazi: mchango ulipokua, gemu nayo ilikuzwa, ikapata wachoraji zaidi, waigizaji wa sauti maarufu na mandhari nyingi kuliko zile zilizofikiriwa mwanzoni. Fedha ilipoongezeka, kazi iliongezeka kuizidi.

Broken Sword ya tano ilipata zaidi ya dola 770,000 na ikatoka kwa sehemu mbili, Desemba 2013 na Aprili 2014. Kina Cole walipata kama dola 409,000 mwishoni mwa 2012, wakarudi kuchangisha tena mwaka 2015, na gemu yao, Hero-U, ikatoka Julai 2018. Waliongoja muda mrefu zaidi ni wachangiaji wa SpaceVenture, kazi ya wale wawili wa Space Quest: ilichangiwa mwaka 2012 kwa kama dola 540,000, na wachangiaji wakaipata mwaka 2022. Miaka kumi, mwalimu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kampeni ile alikuwa amefika darasa la nne au la tano.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kwa wale wenye majina, kazi nyingi zilikamilika, ila tarehe iliyoandikwa kwenye kampeni haikupaswa kuaminiwa.

Mhasibu wa Ngamiani

Shikamoo mzee, na salaam kwa mwalimu. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi hapa Ngamiani kwa miaka mingi, hivyo naomba niliangalie jambo hili kwa jicho la daftari.

Katika kamati zetu, ahadi ni deni la mchangiaji: ukiandikwa kwenye orodha unafuatwa hadi ulipe, na hata lengo lisipofikiwa harusi hufungwa, kwa ukumbi mdogo zaidi na wageni wachache. Kickstarter inakwenda kinyume. Ukiahidi, fedha haikatwi kwenye kadi yako mpaka siku ya mwisho ifike na lengo liwe limetimia. Lisipotimia hakuna anayekatwa hata senti, na mradi haupati kitu. Hapo mchangiaji analindwa vizuri sana. Lakini lengo likitimia, ulinzi huo umekwisha, na kuanzia siku hiyo mwenye deni ni mtengenezaji, nawe huna namna nyepesi ya kumfuata. Wewe si mnunuzi, kwa sababu bidhaa haijakuwapo; wala si mbia, kwa sababu gemu ikiuza nakala milioni moja hupati gawio. Wewe ni mfadhili aliyeahidiwa zawadi.

Sasa tuichukue hiyo laki nne ya dola ambayo wengi waliiomba. Tovuti inachukua asilimia 5, na gharama za kupokea malipo huchukua kama asilimia 3 hadi 5 nyingine, kwa hiyo inabaki kama 360,000. Ondoa fulana, masanduku, vitabu vya picha na gharama za posta za kuvituma duniani kote. Nikikadiria vitu hivyo vikala sehemu moja ya kumi, imebaki kama 325,000. Watengenezaji wengi wa Marekani wamekuwa wakitumia kipimo cha dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, bima, pango na vifaa. Gawanya, utapata miezi 32 ya mtu mmoja, au kwa lugha nyingine, watu sita kwa miezi mitano na ushee. Hakuna gemu kubwa ya mafumbo yenye picha za kuchorwa kwa mkono na sauti za waigizaji inayokamilika kwa miezi mitano.

Ndiyo maana wanachelewa. Sidhani kuwa wengi wao ni wadanganyifu. Waliomba kiasi walichodhani umma utakubali kutoa, si kiasi ambacho kazi ingegharimu, kwa sababu lengo likiwa kubwa mno halitimii na wanarudi mikono mitupu. Nikiona kampeni inayoomba fedha kidogo kwa kazi kubwa, mimi huuliza swali moja tu: fedha nyingine inatoka wapi? Kama wameeleza kwamba wana mtaji wao, au mwekezaji, au wataanza kuuza sehemu ya kwanza, hapo naweza kutoa. Kama wamenyamaza, natulia.

Msomaji wa Pangani

Naomba kuongeza machache, kwa kuwa mimi nimepoteza. Miaka kadhaa iliyopita nilichangia gemu moja ya mafumbo ya watengenezaji wasiojulikana, ambao sitawataja. Mwaka wa kwanza taarifa zilikuja kila mwezi, mwaka wa pili zikaja mbili, kisha kimya. Kilichoniumiza zaidi ya ile fedha ni kutojibiwa. Laiti wangeandika kwamba wameshindwa, wakatuonyesha mahesabu na michoro waliyokwisha kuichora, ningewasamehe siku hiyohiyo.

Mfano wa kinyume chake ni Thimbleweed Park ya Ron Gilbert na Gary Winnick, waliotengeneza Maniac Mansion mwaka 1987. Waliomba dola 375,000 mwishoni mwa 2014, wakapata kama 626,000, na gemu ikatoka Machi 2017, miezi tisa baada ya tarehe waliyoikadiria. Katika muda wote huo walikuwa wakiandika shajara ya kazi hadharani: leo fumbo hili limekataa, leo tumefuta chumba kile kwa sababu hakina faida. Mtu aliyekuwa akisoma shajara ile hakuona kuchelewa kuwa ni kuvunja ahadi. Na mwalimu, utafurahi kujua kwamba chini ya picha wamevirudisha vitenzi vyote tisa.

Fundi wa Barabara ya 12

Mwalimu, kuna jambo wenzangu hawajaligusa, nalo ni miliki ya jina. Kutunga gemu si kumiliki jina lake. Majina ya gemu za Sierra, zikiwamo Space Quest na Quest for Glory, yaliangukia kwa kampuni ya Activision, na LucasArts, kampuni iliyotoa Day of the Tentacle na gemu za Monkey Island, ilinunuliwa na Disney mwaka 2012 pamoja na hazina yake yote. Ndiyo maana wale wawili hawakuweza kuiita kazi yao Space Quest, na kina Cole hawakuweza kuandika Quest for Glory kwenye jalada lao. Revolution walikuwa na haki ya Broken Sword mikononi mwao, wakaendelea pale walipoishia. Gilbert, aliyeitunga Monkey Island, naye alilazimika kungoja makubaliano na wenye haki, na muendelezo wake, Return to Monkey Island, haukutoka mpaka Septemba 2022, tena bila kuchangisha umma. Kabla hujatoa hata shilingi, soma kampeni hiyo uone kama wana ruhusa ya maandishi ya kutumia jina na wahusika wa zamani, au wanatumia kumbukumbu yako tu kukuvutia kwenye hadithi nyingine. Hadithi nyingine inaweza kuwa nzuri, lakini ni haki yako kujua unachangia nini.

Pia, kama kiu yenu ni kucheza, kuna kazi ya kujitolea inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Tangu mwaka 2001 wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijenga programu ya bure inayoitwa ScummVM, ambayo inaziwezesha gemu hizi za kale kuchezeka kwenye kompyuta za sasa na hata kwenye simu za Android. Revolution waliwapa msaada, na mwaka 2003 wakairuhusu Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994 igawiwe bure, kwa halali kabisa. Mimi ninayo kwenye simu yangu hii ninayoandikia. Mje dukani na simu zenu, nitawawekea bila malipo.

Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo mzee wa Raskazone, nawashukuru ninyi nyote kwa kuyachukulia maswali yangu kwa uzito huu. Jana nimekaa na wenzangu tukayasoma majibu yenu neno kwa neno, kisha tukaifungua ile kampeni upya tukiwa na kalamu na karatasi.

Kuhusu jina, wameandika wazi kwamba haki imekwisha kurudi kwao, na hilo limetutuliza. Kuhusu fedha, wanaomba kiasi ambacho kwa hesabu ya Mhasibu hakifiki hata miezi 20 ya mtu mmoja, na hawajasema popote kama wana mtaji mwingine. Kwa hiyo nimewaandikia kuwauliza watakuwa watu wangapi, kwa muda gani, na fedha itakayopungua wataipata wapi. Zimebaki siku 11 kampeni ifungwe, na kwa kuwa ahadi inaweza kuondolewa kabla ya siku ya mwisho, tumekubaliana kuahidi nakala moja tu ya dola 30 kwa jina la kikundi, kila mmoja dola sita, nasi tutaiondoa ikiwa hawatajibu mpaka siku ya tisa.

Fundi, Jumamosi baada ya Alasiri tutakuja watu watano na simu nne. Binti aliyeifumbua ile siki, ambaye sasa ni muuguzi, ameomba asiambiwe lolote kuhusu Beneath a Steel Sky mpaka aishike mwenyewe.