Tupeane uzoefu: unatambuaje kwamba dawa ya mbalanga (mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi) inafanya kazi?

Mwana wa Makorora: Asalaam aleikum, wana Tanga. Jana kwenye daladala nilimwona binti akivuta mikono ya gauni ili afiche vidole, nikajikumbuka. Natumia krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) viwikoni na takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, usoni, na kila mwanzo wa mwezi napiga picha karibu na dirisha, saa ileile, nikiweka rula kando ya baka. Sasa vimejitokeza vitone vya kahawia ndani ya weupe. Nanyi mlianza kuonaje?

Bi Harusi wa Zamani: Vitone hivyo ndivyo vyenyewe, mwanangu. Rangi hurudi kupitia vinyweleo, ndiyo maana ncha za vidole na midomo, pasipo na vinyweleo, huchelewa sana au hukataa kabisa. Mabaka yangu yalianzia kwenye harusi yangu. Nilichorwa piko iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi. Usiku mikono ikawasha na kuvimba, na kulipokucha malengelenge yalikuwa yamefuata kila ua na kila jani. Yalipopona, mchoro ulibaki mweupe, kisha mabaka mengine yakatokea kiunoni, pale panapobanwa na kamba ya sketi. Mama mkwe akatangaza kwamba ni ukoma, akanitengea kikombe. Mume wangu alitupeleka sote Moshi, kwa madaktari wa ngozi wa hospitali ya KCMC. Daktari alizima taa za chumba, akanimulika kwa taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno, na mabaka ambayo sikuwahi kuyaona yakang'aa. Kisha akanifumba macho na kunigusa kwa pamba. Nikahisi kila mguso, ilhali baka la ukoma aghalabu hufa ganzi. Mama mkwe hakutamka neno hadi tulipofika Korogwe.

Mvuvi wa Sahare: Kikombe! Pole sana, dada.

Mpenda Asili: Moshi ya nini? Kamulia ndimu, pakaa, kaa juani.

Shangazi wa Chumbageni: Ndugu, usiwaunguze watu. Ndimu na jua hubabua ngozi, na kwa wengi wetu jeraha huzaa baka jipya.

Mpenda Asili: Kwani hospitali hawawaweki kwenye mwanga?

Shangazi wa Chumbageni: Mwanga wao hupimwa: ni UVB, aina ya miale ya urujuanimno, ya nanomita 311, mara mbili au tatu kwa wiki, dozi ikipanda kidogo kidogo, na wekundu ukipita siku moja unamweleza muuguzi kabla ya kuingia tena. Ndimu yako hupimwa na nani?

Mzee wa Raskazone: Turejee kwenye swali. Pamoja na rangi, chunguzeni madhara ya steroidi: ngozi kuwa nyembamba, michirizi, mishipa midogo kuonekana. Vidoa vidogo kama chenga vikizuka pembeni mwa baka, ugonjwa unatembea. Msingoje picha ya mwezi ujao, rudini kwa daktari, na muulizie kipimo cha tezi ya shingo (thairoidi), maana maradhi yake huandamana na mbalanga. Ila miezi mitatu ya kwanza msiitupe dawa kwa kukata tamaa.

Mvuvi wa Sahare: Mimi sipigi picha, mke wangu hunikagua kuliko forodha.

Mwana wa Makorora: Bi Harusi, mchoro ulifutika?

Bi Harusi wa Zamani: Mgongo wa mkono umejaa rangi, vidole vimegoma. Binti zangu nawaruhusu hina ya majani tu, tena tunaitwanga wenyewe.

Mpenda Asili: Kumbe za asili mnazitumia.